Mtoto 'asiyesikia': kabla ya fimbo, mfundishe kujitawala

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa simu kutoka Lusewa, wilayani Namtumbo mkoani Ruvuma, eneo ambalo wengi bado wanaliita Songea kwa mazoea ya zamani. Aliyeandika ni bibi anayelea mjukuu wake wa miaka mitano, kwa kuwa mama wa mtoto yuko mjini anatafuta riziki. Ameniruhusu nieleze kisa chake bila jina.

"Mwanangu daktari," ameandika, "huyu mjukuu wangu hasikii. Akinyimwa kitu anajitupa chini, anauma wenzake, akianza kulia hanyamazi. Mwalimu wa darasa la awali ameniita mara mbili, safari hii amesema akirudia nikae naye nyumbani. Jirani anasema nimchape mpaka akome. Shemeji anasema ana mashetani. Nimemchapa, hajakoma. Sasa nauliza, ipo dawa ya kumtuliza?"

Shikamoo bibi. Swali lako ni la walezi wengi, na nimeona nilijibu hapa ili liwafae na wengine. Jibu fupi ni kwamba kidonge cha kumtuliza mtoto wa namna hiyo hakuna. Na ninawaomba wazazi wanaowapa watoto dawa za mafua na mzio zinazosinzisha, ili tu walale na nyumba ipoe, waache. Dawa hizo zina madhara, na mtoto akiamka tabia ni ile ile. Kinachohitajika ni kutafuta sababu kwanza, kisha kumfundisha mtoto kitu ambacho hakuzaliwa nacho, yaani kujitawala.

Breki bado changa

Kujitawala ni uwezo wa kuhisi hasira bila kupiga, kutamani kitu bila kunyang'anya, kukaa na kusikiliza hata pale mwili unapotaka kukimbia. Kazi hiyo husimamiwa zaidi na sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso. Sehemu hii ni ya mwisho kukomaa. Inaendelea kujengeka mpaka mtu anapofikia miaka ya ishirini na kitu.

Sehemu za ndani za ubongo zinazowasha hasira na woga, kwa upande mwingine, huwa zinafanya kazi tangu utotoni. Kwa hiyo mtoto mdogo ni kama pikipiki yenye injini kubwa na breki za baiskeli. Akikasirika, mwili wake humwaga homoni ya adrenalini, moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza. Katika hali hiyo maneno hayamwingii. Ukimhubiria kwa dakika kumi, au ukimtishia, unaongeza mafuta kwenye moto.

Ndiyo maana mtoto wa miaka miwili anayejitupa chini sokoni hanishangazi. Kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne, vishindo hivi ni sehemu ya kukua. Kwa kawaida hupungua kadiri mtoto anavyopata maneno ya kusema anachotaka. Mtoto wa miaka mitano ambaye bado anauma wenzake mara kwa mara anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, lakini hata huyo hana sababu ya kuitwa mbaya.

Jambo hili si dogo. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, tangu utoto wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa wale waliokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kujitawala utotoni walikuwa na afya bora walipofika miaka 32, hali nzuri zaidi ya fedha, na makosa machache ya jinai, hata baada ya watafiti kuzingatia kipato cha familia na akili ya mtoto. Habari njema ni kwamba uwezo huu unaweza kukuzwa.

Anza na mwili wa mtoto

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Tukisema mtoto hasikii, tunamaanisha ni mkaidi. Lakini baadhi ya watoto tunaowaita hivyo kweli hawasikii. Mtoto ambaye masikio yake yametoa usaha kwa wiki au miezi anaweza kuwa amepungukiwa usikivu. Mwalimu anasema "kaeni chini", yeye anabaki amesimama. Mwenzake anamwambia "hiyo ni yangu", yeye anaendelea kuvuta. Kisha anachapwa kwa kosa asilolijua, na hasira inajengeka. Simama nyuma ya mtoto wako, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, rudia siku nyingine. Kama hali ni hiyo hiyo, mpeleke akapimwe.

Angalia pia njaa. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila uji, akakaa darasani mpaka saa sita, hawezi kuwa mtulivu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na Ruvuma, pamoja na sifa yake ya kulisha mikoa mingine mahindi, iko juu ya wastani huo. Ghala likijaa mahindi bado mtoto anahitaji maharage, karanga, dagaa, mayai, mboga za majani na matunda. Upungufu wa madini ya chuma na damu, ambao mara nyingi huambatana na malaria za mara kwa mara na minyoo, humfanya mtoto awe mnyonge, mwepesi wa kulia na mzito wa kufuatilia jambo.

La tatu ni usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka mitatu na minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wa miaka mitano hayuko mbali na hapo. Msimu wa kilimo unapoanza na familia kuamka usiku kwenda shamba, au pale kijijini kunapokuwa na ngoma na video zinazokesha, mtoto ndiye anayelipa deni hilo kesho yake. Mwongozo huo huo unataka mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Simu inamnyamazisha mtoto, ni kweli, ila haimfundishi kunyamaza mwenyewe.

Fimbo inafundisha nini?

Bibi amesema amechapa na mtoto hakukoma. Hayuko peke yake. Watafiti wakiongozwa na Tobias Hecker waliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi na wazazi ndio walioonyesha zaidi ugomvi na utundu, na kidogo zaidi tabia ya kuwasaidia wenzao. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba fimbo ndiyo iliyoleta ugomvi, kwa sababu mtoto mgomvi naye huchapwa zaidi. Lakini unatuonyesha jambo moja bila shaka: kama fimbo ingekuwa dawa, waliomeza dozi kubwa wangekuwa wamepona.

Kitabibu sababu yake inaeleweka. Fimbo inamtia mtoto woga, na woga unawasha ile injini tunayotaka ipoe. Anaweza kunyamaza mbele yako kwa hofu, ila breki hazijakua. Zaidi ya hapo, anajifunza kwamba mwenye nguvu akikasirika anapiga. Kesho yake shuleni yeye ndiye mwenye nguvu kuliko mwenzake mdogo.

Hii haina maana mtoto asiwe na mipaka. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na kumkunja samaki si kumvunja. Mtoto akinyimwa kitu kwa sababu ya haki, aendelee kunyimwa hata akilia. Ukimpa ili anyamaze, umemfundisha kuwa kilio ndicho kinacholipa. Akimuuma mwenzake, mchezo unasimama hapo hapo, na akishatulia anakwenda kuomba msamaha na kumletea maji aliyeumia.

Utulivu si mambo ya Wazungu

Siku hizi katika shule za nchi nyingine watoto wanafundishwa kutuliza akili na kuielekeza kwenye jambo moja lililopo sasa: pumzi, sauti, hatua ya mguu. Njia hii ina asili katika tafakuri za Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, aliiingiza hospitalini kuwasaidia wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, akiiacha sehemu ya dini pembeni. Baadaye ikafikishwa kwa watoto. Kwa hiyo mzazi wa Kiislamu au wa Kikristo asiwe na wasiwasi. Kumfundisha mtoto kupumua taratibu si ibada na hakuingilii ibada yake.

Ushahidi upo, ila si wa miujiza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walichapisha matokeo ya watoto 68 wa chekechea. Waliofundishwa kwa wiki 12 mazoezi ya utulivu na upole waliongezeka zaidi katika uhusiano wao na wenzao kuliko wale ambao hawakufundishwa. Upande mwingine, jaribio kubwa la shule za sekondari nchini Uingereza, lililotolewa mwaka 2022, halikuona kuwa masomo ya namna hiyo yaliwasaidia vijana wa miaka 11 hadi 14 kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Wengi wa vijana hao hata hawakuyafanya mazoezi nyumbani. Ninachokichukua hapo ni kwamba zoezi lisilofanywa halisaidii, na kwamba kwa mtoto mdogo linatakiwa liwe mchezo ndani ya maisha yake, si somo la ubaoni.

Na katika hilo vijiji vyetu havikuanza leo. Kuna jaribio maarufu ambalo mtoto anawekewa kitu kitamu, anaambiwa akisubiri bila kukila ataongezewa cha pili. Watafiti wakiongozwa na Bettina Lamm walilifanya kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa jamii ya Wanso, wakulima wa Kameruni. Kwa watoto wa Kijerumani, asilimia 28 ndio waliosubiri dakika zote 10. Kwa Wanso walikuwa karibu asilimia 70. Watoto hao wa wakulima hawakuwa na vitabu wala midoli mingi. Walikuwa wamelelewa na mama wanaotarajia mtoto awe mtulivu, asubiri zamu yake na awajali wengine.

Ukifikiri, mtoto wa Lusewa naye anayo mafunzo hayo. Anaponawa mikono na kungoja mkubwa aanze kula, anajifunza kusubiri. Anapojitwisha kidumu kidogo cha maji asikimwage, akili yake yote iko kwenye hatua yake. Mdako unamtaka atazame kijiwe kilicho juu huku mkono ukikusanya vya chini. Kombolela inamtaka akae kimya kwenye maficho wakati moyo unadunda. Tunachotakiwa ni kuyafanya mambo haya kwa makusudi, pamoja naye.

Mazoezi matano ya nyumbani

Fanya moja au mawili kwa siku, dakika mbili au tatu zinatosha. Chagua wakati mtoto ametulia na ameshiba. Mtu hafundishwi kuogelea siku anayozama.

1. Kupoza uji. Mwambie ashike kikombe kwa mikono miwili, au mikono mitupu kama hakuna uji. Avute harufu polepole kwa pua, kisha apulize polepole kwa mdomo kama anayepoza. Rudieni mara tano. Pumzi ndefu ya kutoa nje ndiyo inayoujulisha moyo upunguze mbio. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Jelena Obradović, walionyesha kuwa hata pumzi chache za taratibu, ndani ya dakika moja, zinatuliza mwili wa mtoto mdogo.

2. Gunzi tumboni. Alale chali kwenye mkeka. Mwekee gunzi la mahindi juu ya tumbo. Kazi yake ni kulipandisha na kulishusha kwa pumzi bila kulidondosha. Hili linafaa sana kabla ya kulala.

3. Kuwinda sauti. Kaeni nje, mfumbe macho, mnyamaze. Mkifumbua kila mmoja ataje alichosikia: jogoo, mchi kwenye kinu, pikipiki ya mbali, upepo kwenye majani. Siku ya kwanza atataja mbili. Baada ya wiki atakushinda.

4. Ngoma ikinyamaza. Mmoja anapiga ndoo, wengine wanacheza. Ngoma ikinyamaza, kila mtu anaganda alivyo. Baadaye geuzeni sheria: ngoma ikipigwa haraka, wacheze polepole. Megan McClelland wa Chuo Kikuu cha Oregon State amefanya utafiti kuhusu michezo ya aina hii kama njia ya kukuza breki za watoto wa chekechea, kwa sababu mtoto anazuia mwili huku akifurahi.

5. Kuipa hisia jina. Wakati wa chakula cha jioni, kila mtu aseme leo alihisi nini: furaha, hasira, woga, wivu, aibu, huzuni. Na wewe mtu mzima sema: "Leo nilikasirika mbuzi walipoingia shambani, nikakaa kwanza, nikapumua." Mtoto akipata neno, mkono wake unapumzika.

Kishindo kikianza

Siku ya kishindo, ondoa kwanza kinachoweza kumuumiza yeye au mwenzake. Chuchumaa, uso wako uwe usawa wa wake. Tumia maneno machache kwa sauti ya chini: "Una hasira. Nipo hapa. Sikuruhusu kuuma." Akikubali kushikwa, mshike. Asipokubali, kaa jirani. Pumua mwenyewe taratibu ili aone na asikie. Usibishane, usicheke, usiwaite majirani waje kuona. Akishapoa, ndipo mzungumze kwa ufupi kilichotokea na nini afanye wakati mwingine.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipo, kwa sababu inamtaka mlezi ajitawale kabla ya mtoto. Bibi aliyeamka saa kumi na moja, akalima, akachota maji, akapika, anayo haki ya kuchoka. Ukiona mkono wako unatafuta fimbo, mkabidhi mtoto kwa mtu mzima mwingine kwa dakika tano, utoke nje, upoze uji wako. Baba, babu na wajomba nao wasikae barazani wakisubiri mtoto aletwe kwa ajili ya kutishwa tu. Malezi ni kazi yao pia.

Mwalimu naye ana nafasi kubwa, hata akiwa na watoto wengi darasani. Dakika mbili za kupumua pamoja baada ya mapumziko hazihitaji kitabu wala fedha. Mtoto mwenye matatizo akae mbele, apewe kazi ndogo kama kugawa vijiti vya kuhesabia, asifiwe anapoweza kungoja zamu. Utafiti ulioongozwa na mwanasaikolojia wa Kitanzania Mabula Nkuba, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa walimu wa sekondari waliopewa mafunzo ya kuwasiliana na wanafunzi bila ukali walipunguza kutumia ukatili. Kumrudisha nyumbani mtoto wa miaka mitano kunamnyima mahali hasa pa kujifunzia kuishi na wenzake.

Sera ya nchi iko upande huu. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Inataka mtoto apate afya, lishe, ulinzi, kujifunza mapema na malezi yenye mwitikio, maana yake mlezi anayemwona na kumjibu mtoto. Waulizeni wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ofisi za kata kinachofanyika kwenu.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mpeleke mtoto apimwe ukiona mojawapo ya haya: masikio yanatoa usaha au haitikii akiitwa, hajaanza kuunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, alikuwa anaongea kisha ameacha, anakodoa macho ghafla kwa sekunde kadhaa kama hayupo, au anapata degedege, tabia ilibadilika baada ya malaria kali au kuumia kichwa, vishindo vinatokea mara nyingi kila siku, vinachukua muda mrefu au anajiumiza, au amefika miaka mitano na hali haipungui. Kifafa na degedege ni magonjwa yenye matibabu. Kumpeleka mtoto kwa mganga atolewe mashetani kunachelewesha tiba hiyo.

Chukua kadi yake ya kliniki, andika kwa siku saba saa ambazo vishindo vilitokea, alikuwa amekula nini na alilala saa ngapi. Maelezo hayo yananisaidia mimi daktari kuliko kipimo kingi. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, na ikihitajika utapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea.

Na kuna dalili moja ambayo haitaki kungoja. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akibadilika ghafla, akamwogopa mtu fulani, akaanza kukojoa kitandani upya au kuamka usiku akipiga kelele, huenda anafanyiwa ukatili. Msikilize bila kumkatisha na bila kumlaumu, mpeleke hospitali, utoe taarifa kwa ustawi wa jamii au polisi. Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana kwa namba 116, bila malipo.

Kwa wengine wote, anzeni na masikio, sahani na usingizi, kisha mchague mchezo mmoja na kuurudia kila siku. Msitegemee mabadiliko kwa siku tatu. Hesabuni kwa miezi. Mara ya kwanza mtoto atakapokunja ngumi, akasita, akapuliza pumzi badala ya kupiga, mwambieni kwamba mmeona.